Bunduki Katika Mzigo wa Kuni

Gumato alijua ni bunduki kabla hajaifungua. Mumewe, Kalicha, alikuwa ameiviringisha ndani ya mkeka wa kupakia ngamia, akaukaza kwa kamba za katani na kuulaza nyuma ya magunia ya sukari, kwenye stoo. Alimwambia ni vipuri vya pampu ya maji, vya rafiki yake wa Sericho, kisha akatoka kwenda msikitini kuswali adhuhuri. Gumato aliinua ncha moja ya mkeka kwa mikono miwili, akairudisha chini polepole, akabaki amechuchumaa pale pale. Aliwahi kuinua bunduki akiwa msichana. Uzito wake huegemea upande mmoja, na mkono hausahau.

Ilikuwa mwaka wa 1980, mtaa wa Kulamawe, Isiolo. Gumato alikuwa na hoteli ndogo ya chai upande wa mbele wa nyumba yao. Kalicha alinunua ng'ombe huko Sericho na Garba Tulla, akawaswaga kwa miguu hadi mnada wa Isiolo. Walikuwa na mabinti wawili, ambao wakati huo walikuwa kwa bibi yao huko Sericho kwa sababu ya maziwa.

Kalicha aliporudi kutoka msikitini, Gumato alifunga mlango wa nyuma.

"Pampu gani hiyo yenye kitako cha mti?"

Kalicha alitazama chini. "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna. Umeitoa wapi?"

"Kwa Kulmiye."

Kulmiye alikuwa Msomali aliyevuka mpaka baada ya vita vya Ogaden, mtu mpole aliyeuza viatu na nguo za mitumba sokoni. Alikunywa chai kwa Gumato kila asubuhi. Gumato hakuwahi kufikiri kwamba chini ya zile nguo kulikuwa na biashara nyingine.

"Irudishe," alisema.

"Siirudishi. Unataka nimfuate Yattani?"

Yattani alikuwa binamu yake Kalicha. Mwanzoni mwa kiangazi walikuwa wakileta ng'ombe pamoja, wana fimbo na panga moja tu, wakavamiwa njiani kabla ya kufika Garba Tulla. Wezi hawakuomba kitu wala kutisha mtu. Walipiga risasi kwanza, halafu wakaja kuchukua. Kalicha alilala kifudifudi nyuma ya mzoga wa ng'ombe akimsikia Yattani akiitisha maji, na hakuthubutu kuinua kichwa. Aliitisha muda mrefu. Halafu akanyamaza.

"Askari walikuja kesho yake," Kalicha alisema. "Wakaokota maganda ya risasi. Halafu wakanipekua mimi. Mimi, Gumato! Wakaniuliza kama nina silaha. Nikiwa na damu ya ndugu yangu kwenye kikoi."

Tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kulala. Mbwa akibweka aliinuka, akasimama nyuma ya mlango na kusikiliza. Gumato alikuwa amemzoea hivyo, lakini sasa, akimtazama, aliogopa kitu kipya: kwamba mumewe alikuwa ametulia. Uso wake ulikuwa umepoa kama wa mtu aliyemaliza kazi. Bunduki ilikuwa imempa usingizi, na ilikuwa imeuchukua wa Gumato.

Siku zilizofuata alifanya kazi akiwa na masikio stoo. Akimimina chai alisikia lori la serikali likipita barabarani, chai ikamwagika kwenye sahani. Kila mtu wa Isiolo alijua: ukipatikana na risasi moja tu, hata bila bunduki, unaenda ndani, na nyumba yako haiwi nyumba tena.

Mchana mmoja Lochoro alikuja. Alikuwa Mturkana wa Leparua, rafiki wa Kalicha tangu walipokuwa vijana wa kuswaga ng'ombe wa watu wengine. Mkewe, Regina, aliuza kuni mjini na kumletea Gumato mzigo kila baada ya siku chache. Kulmiye naye alikuwa ameketi kwenye benchi akipuliza chai yake.

"Habari, shemeji," Lochoro alimsalimia Gumato. Kwa wanaume alisema tu, "Mmesikia? Wameiba tena huko juu. Wana bunduki mpya zinang'aa."

"Zinatoka wapi zote hizi?" Kalicha aliuliza, kama mtu asiyejua lolote.

"Za upande wetu zinatoka Uganda," Lochoro alisema. "Mwaka jana nilikuwa kwa wakwe wa ndugu yangu, upande wa Moroto. Jeshi la Uganda lilipokimbia vita waliacha kambi wazi. Wazi, kama boma lisilo na lango! Watu walienda na punda. Mzee aliyeshindwa kununua blanketi alirudi na bunduki saba. Zamani watu wa huko walitengeneza za kwao kwa mabomba ya viti vya chuma, moja inalipuka mkononi, nyingine inakataa. Wakivamia walikuwa wanaua mmoja, wawili, wanachukua mbuzi, mambo yanaisha kwa wazee. Sasa wanamaliza boma lote, halafu hakuna mzee wa kuongea naye."

"Kwetu haikuwa hivyo," Kulmiye alisema taratibu. "Somalia bunduki ilikuwa ya serikali. Ina nambari. Ukiipoteza, wewe ndiye umepotea. Mwizi alikuwa na kisu tu. Mjini Mogadishu unatembea usiku vile unataka. Halafu ikaja vita, tukashindwa, na askari anarudi kwa miguu jangwani na kiu. Atakula nambari? Anatoa bunduki, anapewa maji. Nimeona bunduki ikinunuliwa kwa kibuyu cha maziwa."

Alipomaliza aliangalia chai yake, wala hakumtazama Kalicha.

"Na mzungu wa ranchi hapa juu, njia ya Nanyuki," Kalicha alisema, "ana tatu ukutani, na cheti. Ng'ombe wake nani anagusa? Ethiopia, upande wa kina Gumato, kila mwanaume alikuwa na yake. Nani atamwibia mtu mwenye bunduki? Ni sisi tu hapa Kenya tumefungwa mikono. Sheria imeshika mimi, mwizi haijamwona."

Wanaume walitikisa vichwa. Gumato alikuwa akifuta meza. Alijua hapaswi kusema, lakini alisema.

"Nilizaliwa Moyale ya juu, kwa Wahabeshi, wakati wa mfalme," alisema. "Ni kweli, kila mwanaume alikuwa nayo. Baba yangu alienda nayo sokoni, alienda nayo harusini. Hakuna aliyetuibia. Kaka yangu Arero aligombana na jirani kisimani, juu ya zamu ya kunywesha. Ugomvi wa kila siku ule. Watu hupigana fimbo, mmoja anapasuka kichwa, jioni wanapatanishwa. Siku ile yule jirani alikuwa na bunduki begani. Hakuwa mtu mbaya. Alilia kuliko sisi. Lakini Arero alikuwa amekufa kabla ndoo haijafika juu."

Lochoro aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Wanajeshi walipompindua mfalme," Gumato aliendelea, "walikuja kukusanya. Walichukua kwa hawa, wakawapa wale. Na wale waliopewa wakajua nani hana. Ndiyo tukahama."

"Basi ipi afadhali?" Lochoro aliuliza. "Kila mtu awe nayo, ama hakuna mtu?"

"Hakuna mtu," Gumato alisema. "Lakini hakuna mtu hasa. Si hakuna mtu isipokuwa fulani."

Kalicha alimtazama kwa jicho kali, na Gumato akarudi jikoni.

Wiki iliyofuata Land Rover ya serikali ilizunguka mitaa yote ikiwa na spika juu. Chifu alitangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiborana, kisha kwa Kiturkana cha kubahatisha: kila mwenye silaha aipeleke kambi ya chifu kabla ya Ijumaa jua kuzama. Anayeleta mwenyewe hataulizwa swali. Baada ya Ijumaa ni operesheni, nyumba kwa nyumba.

Neno operesheni lilipita Kulamawe kama harufu ya kitu kinachoungua. Wazee waliacha bao. Wote walikumbuka miaka ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, wakati ambao Waborana wanauita Daba, yaani kusimamishwa, watu walipofungiwa kwenye kambi za seng'enge na mifugo ikafia nje ya uzio huku wenyewe wakitazama. Gumato alikuja Isiolo baadaye, hakuiona Daba, lakini mama mkwe wake hadi leo alikuwa akila chakula chake haraka haraka, akikinga sahani kwa mkono.

"Ipeleke," Gumato alimwambia mumewe. "Wamesema hakuna swali."

"Unaamini spika? Watataka aliyeniuzia. Nikimtaja Kulmiye, wenzake wananiua. Nisipomtaja, askari wananiua. Na wezi je? Wao wameitwa kwa spika? Wamepewa Ijumaa?"

"Basi izike."

"Nitaizika. Acha niende Rapsu nichukue ng'ombe wa mkulima mmoja, anawauza upesi. Nikirudi Ijumaa asubuhi nitaamua."

"Utaiacha hapa?"

"Niibebe nipite nayo vizuizini?"

Akaenda Jumanne. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Gumato alimwona akiondoka na hakumwombea safari njema. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu iliyomkausha mate.

Ijumaa haikungojwa. Alhamisi asubuhi, kabla ya watu kumaliza chai, malori yaliingia mtaani kutoka pande zote mbili. Askari waliruka chini, wengine wakafunga njia, wengine wakaanza nyumba za mwisho. Gumato alisikia mlango ukipigwa teke, kisha mwanamke akipiga kelele, kisha kuku. Wateja wake walitoweka na kuacha vikombe vinatoa mvuke.

Alisimama katikati ya hoteli bila kujua aende wapi. Kuizika sasa? Ua wake ulikuwa mgumu kama saruji, na udongo mbichi ungemchongea. Kuitupa chooni? Hapo ndipo wangeanza kuangalia. Akasikia mtu akiita jina lake uani, akatoka. Alikuwa Regina, mke wa Lochoro, na mizigo miwili ya kuni. Alikuwa ameingia mtaani alfajiri kuuza, na sasa alikuwa amefungiwa ndani pamoja nao.

"Mama, niwekee hizi hapa, hawa watu wanatisha," Regina alisema. Kisha akamwangalia usoni. "Nini? Una nini?"

Gumato alimshika mkono, akampeleka stoo, akafungua ncha ya mkeka.

Regina aliziba mdomo. "Yesu."

"Kalicha hayuko. Wakiikuta humu, ni yangu. Nikifika nayo kwa chifu, nimeileta mwenyewe. Bado ni Alhamisi."

"Kutoka hapa hadi kwa chifu kuna kizuizi."

"Najua."

Walitazamana. Kisha Regina alitoka uani, akarudi na mzigo mmoja wa kuni, akaufungua sakafuni. Waliilaza bunduki katikati, wakaizungushia matawi ya mgunga, mazito nje, membamba yakiziba mapengo, wakaukaza kwa ile kamba ya katani hadi viganja vikauma. Risasi zilikuwa kwenye kipande cha kitambaa. Gumato alikipenyeza kati ya kuni, akahakikisha hazigongani.

"Nipe mimi niubebe," Regina alisema. "Mimi huonekana na kuni kila siku."

"Hapana. Ikiwa ni kufa, nife mimi, bunduki ni ya mume wangu."

"Basi twende wawili. Wewe peke yako utaonekana mgeni wa kuni."

Wakatoka. Regina alibeba kichwani, kama Waturkana wanavyobeba. Gumato alibeba mgongoni, kamba ikipita kifuani. Kila hatua kitu kigumu kilimgonga uti wa mgongo, kisichokuwa mti. Njia aliyoipita kila siku kwenda sokoni ilikuwa imekuwa ndefu, na kila dirisha lilikuwa limefungwa. Nyuma yao mlango mwingine ulivunjwa. Alitaka kukimbia. Regina, mbele yake, alikuwa akitembea pole pole kabisa, hata akasimama kutoa mwiba kwenye kandambili yake, na Gumato nusura apige ukelele.

Kwenye kizuizi kulikuwa na askari kijana, mtu wa mikoa ya kusini kwa sura yake, na wenzake wawili kivulini wakichochea moto chini ya sufuria.

"Simama! Nyinyi mnaenda wapi?"

"Kwa chifu, afande," Regina alisema. "Tunapeleka kuni. Za kupikia askari wa kambi."

"Nani ametuma?"

"Chifu mwenyewe. Tangu jana."

Askari alizunguka nyuma yao. Gumato alimsikia akipumua. Aliugusa mzigo wake kwa mdomo wa bunduki yake, chuma kikasukuma tawi, tawi likasukuma kile kilichokuwa ndani. Jasho lilimtiririka kwenye macho, hakulifuta.

"Hata sisi ni askari," yule kijana alisema. "Hata sisi tunapika. Hizi kuni zetu zimeisha. Shusheni hapa."

Mmoja wa wale wa kivulini alicheka. "Eeh, shusheni. Chifu atatuma wengine."

Gumato alifunga macho. Ndani ya kichwa chake aliona kamba ikikatwa na kuni zikianguka huku na huku. Alianza kusoma Fatiha bila sauti, akaisahau katikati, akaanza tena.

"Sawa, afande," alimsikia Regina akisema, na kishindo cha mzigo ukianguka. "Chukua hii yangu yote, imekauka vizuri. Lakini hiyo ya huyu mama iache iende. Tukikosa kufika hata na moja, chifu atakuja hapa kuuliza kuni zake. Unamjua chifu. Atamuuliza mkubwa wenu."

Moto ulipasuka pah, na Gumato akashtuka mwili mzima.

"Mbona huyu anatetemeka?" askari aliuliza.

"Ni mgonjwa wa malaria. Na anawaogopa. Nani hawaogopi?"

Hiyo iliwafurahisha. Yule kijana alirudi mbele. "Haya, wewe mwenye malaria, pita. Wewe wa maneno mengi, baki utupasulie hizi."

Gumato alipita. Hakuthubutu kumtazama Regina. Alisikia shoka likianza kazi nyuma yake, naye akaendelea peke yake.

Mbele ya ofisi ya chifu palikuwa na meza, na chini kando yake turubai lenye silaha chache: mikuki, bunduki mbili za zamani zilizoshika kutu. Nyuma ya meza aliketi ofisa mnene mwenye miwani ya jua, chifu akiwa ubavuni, na askari wamesimama pande zote. Hapo ndipo Gumato alipotambua jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Akiingiza mkono kwenye kuni na kutoa bunduki mbele ya watu hawa, watampiga risasi kabla hajafungua mdomo.

Alipiga magoti, akaacha mzigo uteleze hadi chini, akarudi nyuma, mikono juu.

"Kuna kitu ndani," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Nimeileta mwenyewe. Mimi siigusi. Fungueni nyinyi."

Alisikia bunduki zikikokiwa. Mtu alimsukuma, akalala kifudifudi kwenye vumbi. Askari mmoja alikata kamba, matawi yakatawanyika, wote wakasogea kutazama. Ilikuwa bunduki nzuri kuliko zote za kwenye turubai.

"Inuka," ofisa alisema. "Jina?"

Akalitaja.

"Mume wako wapi?"

"Ameenda kununua ng'ombe."

"Alinunua wapi hii?"

Gumato alimtazama chifu. "Mlisema kwa spika hakutakuwa na swali."

Chifu alikohoa. Ofisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, na akatabasamu. "Hili si swali, mama. Haya ni mazungumzo."

Mazungumzo hayo angeyajibu nini? Midomo yake ilitamka jina la kwanza ambalo hakuna mtu angeweza kuliumiza.

"Ni ya kaka yangu. Ilitoka Moyale, upande wa Wahabeshi. Anaitwa Arero."

"Arero yuko wapi?"

"Amekufa."

Ofisa aliendelea kumtazama. Kisha alivaa miwani yake. "Nenda nyumbani," alisema. "Tunapajua."

Regina aliachiliwa jioni, viganja vimechubuka, akapita kwa Gumato kumwonyesha kwamba yuko hai. Waliketi jikoni wakanywa chai. Nyumba ilikuwa imepekuliwa wakati Gumato hayupo. Sukari ilikuwa imemwagwa sakafuni, sisimizi tayari wameipata.

Kalicha alirudi Ijumaa na ng'ombe wa Rapsu. Aliingia stoo, akakaa humo kidogo, akatoka.

"Iko wapi?"

Alimweleza yote. Kalicha alisikiliza amesimama. Hakupiga kelele, na Gumato aliona afadhali angepiga.

"Ungeniuliza," alisema mwishowe.

"Na wewe ungeniuliza ulipoileta."

"Umewapa jina letu."

"Nimewapa la Arero."

"Umewapa mlango wetu, Gumato."

Na alikuwa amesema kweli. Jumatatu askari walikuja. Walikuja kwa adabu, wakabisha hodi. Walisema mtu anayeleta moja huwa ana ya pili, na walitaka kuongea na bwana mwenye nyumba. Walimchukua Kalicha hadi uwanja wa zamani wa mnada, ambako wanaume wengi walikuwa wameketishwa juani. Gumato na wanawake wengine walisimama mbali na maji kwenye vibuyu, wasiruhusiwe kusogea. Walisikia mambo ambayo baadaye hawakuyasimulia hata wao kwa wao.

Kalicha alirudi kesho yake jioni, akitembea mwenyewe. Sikio lake la kushoto halikusikia tena. Hakumtaja Kulmiye, na Kulmiye hakuonekana tena sokoni. Wengine walisema amevuka kwenda Mandera, wengine walisema alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa na lori. Meza yake ya mitumba ilibaki pale hadi mtu akaibeba.

Gumato alimkanda mumewe kwa maji ya moto. Alitaka kumwambia pole, lakini neno hilo lilikuwa dogo mno.

"Wangeikuta humu ndani," alisema badala yake, upande wa sikio zima. "Wangetumaliza."

"Najua," Kalicha alisema. Kisha akaongeza, "Nikiwa pale uwanjani nilikuwa nafikiri, kama ningekuwa nayo mkononi ningewapiga. Ningempiga yule kijana aliyekuwa akinipiga. Anaweza kuwa mtoto wa shule. Ningempiga." Aliangalia maji. "Halafu ningekuwa mimi ndiye yule jirani wa kisimani."

Kabla mwaka haujaisha wezi walivamia maboma karibu na Leparua. Walikuja mchana kweupe, bila haraka, kama watu wanaojua kwamba silaha zote zimeshakusanywa huko. Serikali iliona sasa kwamba wananchi wanahitaji kulindwa, na ikaamua kuchagua watu wa kuaminika na kuwapa bunduki za serikali, wawe askari wa akiba bila mshahara. Leparua walimchagua Lochoro.

Siku Lochoro alipokuja kupanga safari ya Sericho, kwa sababu Kalicha hakuweza tena kwenda peke yake, aliingia hotelini na bunduki kuukuu ya Kiingereza begani. Wateja wawili walilipa na kuondoka. Lochoro aliona, akaona haya.

"Habari, shemeji."

"Nzuri. Iache nje, Lochoro. Nakuomba."

"Siwezi, shemeji. Ina nambari. Ikipotea naenda ndani." Alijaribu kucheka. "Hata kwa kitanda nalala nayo. Regina amehamia chini kwa mkeka."

Aliketi, akailaza mapajani, kwa sababu hakukuwa na pa kuiweka. Kalicha aliketi mkabala naye, akigeuza kichwa ili sikio la kulia lisikie. Walianza kuongea juu ya njia: wapi kuna maji, wapi pa kulala, nani ameonekana wapi. Lochoro atatangulia, walikubaliana, na Kalicha atafuata na ng'ombe.

"Na wakija wengi kukushinda?" Kalicha aliuliza.

"Basi watanipiga mimi kwanza. Mwenye bunduki ndiye hupigwa kwanza." Alisema bila kujivuna, kama mtu anayetaja bei ya mbuzi. "Wewe ukisikia mlio, kimbia. Usinisubiri."

Gumato alileta chai. Alipoinama kuiweka mezani aliona kwamba mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea tumboni mwake. Lochoro hakuwa ameona, alikuwa akichora barabara mezani kwa kidole kilicholowa chai. Gumato alizunguka meza, akapita upande wa pili, akamwekea mumewe kikombe chake. Halafu akaketi karibu na mlango, mahali ambapo angeweza kuwaona wote wawili, akaanza kuwauliza watarudi lini.